Paneli ya Katikati

Ukungu wa Lushoto hauna adabu. Huingia bila hodi, ukakaa sebuleni kwa watu, na ukiondoka huacha kila kitu kibichi. Asubuhi ile ulikuwa umejaa hata ndani ya Nyumba ya Usingizi, ukitambaa baina ya vitanda, na Mwamvua alipopita na kikombe chake cha chai aliona nyuso tu zikielea, bila miili chini yake. Alishazoea. Wote wale walikuwa na homa ya kijivu, homa ambayo mpaka siku hizo haikuwa na dawa isipokuwa usingizi wenyewe: mtu akilazwa miezi kadhaa, homa huchoka kabla yake. Lakini mwili haukubali kulala muda wote huo bila kuota, na ndoto ndefu namna hiyo haijijengi. Hujengwa na mafundi, na Mwamvua alikuwa mmoja wao.

Bi. Saumu alikuwa ameshafika, amekaa kando ya kitanda cha mdogo wake, kanga begani, chupa ya uji miguuni, ingawa mgonjwa mwenyewe hakuwa wa kunywa uji.

"Shikamoo, Bi. Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo umtazame Mhina, halafu uniambie kama hivi ndivyo mtu anavyoota."

Mhina alilala amekunja uso kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake ofisini. Juu ya kitanda chake, kioo cha ndoto, chenye kuonyesha anachoota mgonjwa, kilikuwa kijivu kitupu. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amelala hivyo tangu siku aliyoletwa, na Mwamvua hakuhitaji kuangalia ili ajue sababu.

Ndoto zote za nyumba ile zilijengwa kwa paneli, moja ndani ya nyingine, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ambayo bibi yake Mwamvua aliiandika alipokuwa msichana, na ambayo kila kizazi huapa kuizika, kisha chenyewe huzikwa kikaiacha inadunda. Kwanza huwekwa paneli mama. Hiyo haina rangi wala sura. Kazi yake ni kubeba. Ndani yake hupangwa paneli tano. Ya juu hubeba anga na hali ya hewa. Ya chini hubeba ardhi. Ya kushoto hubeba alikotoka mwenye kuota, ya kulia hubeba anakokwenda, njia na masoko na nyumba za watu. Na ya katikati hubeba kile ambacho mtu huyo hawezi kuishi bila hicho. Nne za pembeni zinaweza kukosekana na ndoto ikaanza hivyo hivyo. Katikati haiwezi kukosekana. Bila katikati, mpangilio mzima hukataa kuchorwa, na mtu hubaki kijivu.

Mhina alipoulizwa, kabla hajalazwa, katikati awekewe nini, alijibu neno moja: "Siwema." Wakamwambia achague kingine. Akasema, "Siwema, au basi."

Siwema alikuwa bintiye, na alikuwa amelala mle mle, ukumbi wa pili, mkono wake mdogo umefungwa na mkono wa mama yake. Mtoto wa umri ule hawezi kubeba paneli mama ya kwake peke yake; ndoto humlemea ikaporomoka. Huwekwa ndani ya ndoto ya mtu mzima, na huko huishi kweli kweli, hucheza, hujifunza kusoma, hukasirika. Siwema alikuwa katikati ya ndoto ya Namsifu, mama yake. Na paneli moja haina wazazi wawili. Ukiichukua ukaitia kwenye ndoto nyingine, hutoka kwenye ile ya kwanza pale pale, bila kuaga.

"Daktari kaniambia hafiki Ijumaa," alisema Bi. Saumu. "Haya mapafu yake yameshakwisha. Nimekubali, Mungu ndiye mpangaji. Lakini afe hivi, mwanangu? Afe gizani, hata ndoto hana? Tangu walipoachana na yule mwanamke hajamwona mtoto wake hata kwa dirisha."

"Bi. Saumu, mtoto yuko kwa mama yake."

"Na damu ni ya nani? Mtoto ni wa ukoo wetu. Mimi ndiye shangazi, nisiposema mimi atasema nani?" Halafu sauti yake ikapoteza ukali wote. "Nusu siku tu. Adhuhuri unamrudisha. Mama yake hatajua hata kama katoka."

Mafundi wa ndoto walikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliiweka: miti huhamishwa, nyumba huhamishwa, hata mto huhamishwa ukitaka, lakini watu hawahamishwi. Mwamvua aliikuta kanuni hiyo kazini kama alivyokuta viti, na hakuwahi kuuliza maana yake. Alimtazama Mhina, uso uliokunjamana, macho yasiyocheza chini ya kope. Alikuwa na moyo mwepesi wa huruma, na mwenyewe alijijua. Akaketi kwenye meza yake, akaandika mstari mmoja tu, mstari wa kuongeza, jina la mtoto na jina la paneli ya baba.

Kioo kikafunguka. Kwanza ilikuja ardhi nyekundu, kisha mashamba ya matunda damu yaliyopanda kilima, kisha kijito, na katika kijito pikipiki iliyosimama maji hadi kwenye magurudumu, na mwanamume anaiosha kwa kitambaa huku msichana mwenye gauni la njano akimrushia maji. Kitandani, uso wa Mhina ulikunjuka. Bi. Saumu aliziba mdomo kwa upindo wa kanga, akalia bila sauti, na Mwamvua alitoka nje kwenye ukungu akiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema. Furaha hiyo haikuona adhuhuri.

*

Alipokwenda kumtayarishia Siwema njia ya kurudi, alimkuta Namsifu anatabasamu usingizini.

Mapigo ya moyo wake yalikuwa mazuri kuliko siku zote. Joto lilikuwa limeshuka. Muuguzi aliyepita alisema, "Huyu leo kaamkia upande mzuri," akacheka, akaenda zake. Mwamvua alikiangalia kioo cha Namsifu.

Katikati hapakuwepo. Si kwamba palikuwa patupu; hapakuwepo kabisa. Ndoto isiyoanza husubiri katikati yake hata mwaka, lakini ndoto ikishaanza haivumilii pengo. Ukitoa kitu, paneli za jirani hutanuka polepole, kama watu kwenye benchi mmoja wao akiinuka, mpaka usiweze kusema palikuwa na mtu. Mwamvua alilijua hilo kwa miti na nyumba. Ukiutoa mwembe, yadi husogea, na mwenye ndoto huendelea kufagia. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu naye hufunikwa hivyo, na upesi hivyo. Sasa akaijua maana ya ile kanuni, na akajua pia kwa nini hakuna aliyependa kuieleza.

Paneli ya kushoto ya Namsifu, ile ya alikotoka, ilikuwa imetanuka hadi kulia. Mwanamke yule alikuwa amerudi kwenye chumba cha ushonaji cha ujana wake, na chumba kilikuwa kimejaa jua. Hakikuwa na mtoto ndani. Hakikuwa na mtu aliyemtafuta mtoto.

Na magharibi ikiingia, ndoto zote za nyumba hugandishwa: mwendo wake huendelea, lakini mpangilio haubadiliki tena. Ndivyo ilivyo kila siku, ili mwenye kuota asianze upya kesho yake. Yaliyomo hubaki. Yasiyokuwemo, mtu huamka bila hayo, na hakuna fundi anayejua kuyarudisha. Kama angemwacha Siwema alipo mpaka jua lizame, Namsifu angepona, angeamka, angefungua macho amkute kitanda cha pili msichana wa watu.

Mwamvua alikimbia kwa Bi. Saumu, akamweleza yote bila kujitetea. Alitarajia matusi. Yule mama alisikiliza, mikono imekumbatia chupa ya uji, kisha akauliza swali ambalo fundi mwenyewe alikuwa akilikwepa.

"Na ukimrudisha kwa mama yake, huyu wangu naye atasahau?"

"Atasahau. Mashamba yatatanuka, pikipiki itabaki. Hatajua kama aliwahi kuzaa."

"Basi waunganishe! Si umesema kila ndoto iko ndani ya paneli? Tia zote mbili ndani ya paneli moja kubwa, mtoto akae baina yao. Haiwezekani?"

Inawezekana, na hapo ndipo penye mtihani. Ilikuwa kazi nyepesi ya mistari michache: paneli mpya tupu, mzazi wa wazazi, na ndoto mbili zingelala humo bega kwa bega. Ila Namsifu, kabla hajalazwa, alimshika Mwamvua mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akamwambia, "Yule mtu msimtie kwenye ndoto yangu. Hata kivuli chake. Nimekaa naye miaka nikiwa macho. Usingizini niachieni nipumzike." Mwamvua alimwahidi. Mtu aliyelala hana mlango wa kufunga. Mlango wake ni neno alilokuachia.

"Alikataa, Bi. Saumu."

"Alikataa akiwa na mtoto. Sasa hana. Nenda kamuulize tena."

Kwa shangazi aliyekuwa amekata tamaa, ilikuwa hoja nzuri. Mwamvua alivaa kofia ya waya, akalala kwenye kochi la mafundi, akafumba macho.

*

Fundi huingia ndotoni kupitia kidirisha chembamba kinachowekwa juu ya paneli nyingine zote. Mwenye ndoto humwona kama mpita njia, na ni mwiko kumwambia kwamba anaota. Wapo walioambiwa wakashtuka, wakaamka kabla homa haijachoka, na homa ikawamaliza.

Chumba kilinuka chaki na kitambaa kipya. Jua lilikuwa limekaa sakafuni, halitembei. Nje ya dirisha hapakuwa na mji, palikuwa na chumba kile kile tena, na nje ya dirisha la hicho kingine, chumba hicho hicho, kikizidi kufifia kwa umbali. Namsifu alikuwa kwenye cherehani, kijana, shingo ndefu, anaimba kwa kufumba mdomo.

"Karibu, dada. Una kitambaa au unataka nikuchagulie?"

"Nimepita tu kusalimia. Unashona nini?"

Namsifu alilinyanyua gauni alilokuwa nalo. Lilikuwa dogo, la njano, na lilikuwa karibu kwisha. "Sijui ni la nani," alisema, bila wasiwasi wowote. "Mteja hajaja. Hata kipimo hakuniachia, nimelikata kwa macho tu."

"La mwanao?"

"Mimi?" Namsifu alicheka, kicheko kizuri cha mtu asiye na deni na dunia. "Mimi sina mtoto, dada."

Mwamvua aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona akiwa macho. Ilimbidi ashike meza. Meza ilikuwa laini, na vidole vyake vikazama humo kidogo.

"Na mume?" akauliza, kwa kuwa hilo ndilo lililomleta.

Cherehani ikanyamaza. "Alikuwepo mtu mmoja," alisema Namsifu polepole. "Si mtu mbaya, nikikwambia mbaya nitakuwa namsingizia. Lakini kila chumba alichoingia kilikuwa chake. Nikikaa hapa, anasogea, nikisogea, anajaza. Mwisho nikawa nakaa ukutani nyumbani kwangu mwenyewe." Alikata uzi kwa meno. "Akibisha hapo mlangoni, sifungui."

"Hata akija na kitu unachokipenda?"

"Akiweke nje, aende. Nitakichukua akishapita kona."

Akarudi kwenye mshono wake na wimbo wake. Alikuwa amesahau mtoto lakini hakusahau hapana yake, na Mwamvua, akiwa amesimama katika jua lile lisilotembea, alielewa kwamba ile hapana ilikuwa ya mtu mzima mwenye akili zake, si ya hasira, na kwamba hakuna paneli kubwa ya kutosha kuizunguka. Alitaka sana iwepo. Ingemrahisishia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

*

Kwa Mhina kulikuwa na upepo. Mashamba ya matunda damu yalipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, na kijito kilipita bila kelele yoyote, kama maji yanayokumbukwa. Siwema alikuwa amekaa juu ya tangi la pikipiki akikisugua kioo cha pembeni, akijitazama, akitoa ulimi.

"Baba, huku kuna mtu."

"Namwona, mama." Mhina alikamua kitambaa, akamtazama mgeni miguuni kwanza. "Wewe ndiye fundi."

Mwamvua akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, sitashtuka. Pikipiki hii niliiuza mwaka juzi; sasa naiosha. Na wewe umepita kwenye tope na miguu yako mikavu. Mimi ni makanika, dada. Natambua kitu kilichofungwa na mtu." Alisogea pembeni, mbali na masikio ya mtoto, akaketi juu ya jiwe. "Nashukuru sana kwa huyu. Nilikuwa mahali kijivu, sijui muda gani. Sasa niambie, mama yake yuko wapi? Maana huyu kila saa ananiuliza, na mimi kila saa namwambia yuko sokoni."

Mwamvua alikuwa amejipangia maneno. Yote yakampotea. Alimwambia ukweli kama ulivyo: kwamba alimtoa mtoto kwa mama yake, kwamba mama amefunikwa na anashona gauni dogo asilojua la nani, kwamba magharibi ikiingia atakuwa amesahau moja kwa moja. Mhina alisikiliza huku anakikunja kitambaa na kukikunjua.

"Namsifu hamkumbuki Siwema?"

"Hamkumbuki."

"Yule mwanamke aliyemzaa huyu njiani, kwenye mvua, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe?" Alitikisa kichwa. "Basi mrudishe. Kuna swali hapo?"

"Dada yako anasema niwaunganishe nyote watatu."

"Na Namsifu anasemaje?"

"Anasema hapana."

Mhina akacheka kidogo, na kicheko kikamletea kikohozi, hata mle ndotoni. "Saumu hakuwahi kumjua yule. Mimi ndiye niliyekaa naye. Hapana ya Namsifu unaweza kuifungia mzigo, haikatiki. Nilitumia miaka kuigeuza iwe ndiyo, na ndicho kilichonipoteza." Alitazama kijitoni. "Mimi nina siku ngapi?"

"Chache."

"Na huyu atapona?"

"Huyu na mama yake, wote wawili."

"Basi atahitaji mama kuliko ninavyohitaji mimi kufurahi."

Hapo Mwamvua angeweza kuinuka akaondoka. Ingekuwa rahisi, na labda ingekuwa huruma pia. Angemtoa mtoto kimya kimya, mashamba yangetanuka, na mwanamume huyu angeosha pikipiki yake mpaka pumzi ya mwisho bila kujua alichokosa. Hata kioo kingeonyesha raha tupu. Lakini asubuhi alikuwa ameshamhamisha mtu mmoja bila kumuuliza mwingine, na alikuwa ameuona ule uso wa Namsifu ukicheka.

"Bwana Mhina, kuna jambo sijakumalizia. Akitoka, nawe utasahau. Hutaumia. Utakuwa na raha."

Mhina aligeuka kumtazama mwanawe. Siwema alikuwa ameshuka kwenye pikipiki na sasa alikuwa anatega maji kwa viganja, akiyamwaga, akiyatega.

"Raha ya mtu asiye na mtoto," alisema Mhina.

"Ndiyo."

"Na hakuna namna nyingine? Wewe ni fundi. Injini ikitolewa, fremu inabaki na nafasi yake. Haijikunji."

Mwamvua alilitafakari jambo hilo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kweli. Paneli haihitaji kuwa na kitu ndani ili iwe paneli. Unaipa upana, unaipa urefu, unaiambia isibanwe, na huweki chochote ndani. Hakuna fundi aliyekuwa akiacha kitu kama hicho. Paneli tupu ilihesabiwa uzembe, kama kumkaribisha mtu chakula ukamwekea sahani bila kitu. Na katika ndoto ilikuwa zaidi ya uzembe. Mwenye ndoto angeliona lile pengo mchana na usiku, kila atakapogeuka.

"Ninaweza kukuachia pengo," alisema. "Ukubwa wake yeye, mahali pake yeye. Mashamba hayataweza kuingia. Lakini litakuuma. Halitapoa, kwa sababu hakuna kitakachokuja kulijaza. Mpaka mwisho."

"Nitajua ni la nani?"

"Utajua."

"Niachie."

"Fikiri kwanza, Bwana Mhina. Mimi ningekuwa..."

"Wewe una watoto?"

"Bado."

"Basi niachie, dada," alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Akaenda kijitoni, akachuchumaa mbele ya mwanawe. Mwamvua aligeuza uso, lakini ndoto haina mahali pa kugeukia. Kila upande walikuwa wao.

"Siwema, mama yako anakuita. Kuna gauni anakushonea, anataka kukupima."

"Si ulisema yuko sokoni?"

"Amerudi."

"Twende wote."

"Mimi hapana, mama. Mimi nabaki na pikipiki."

Msichana alimkazia macho, macho ya watoto wanaojua lini mtu mzima anapindisha maneno. "Nitarudi kesho?"

Mhina alifungua mdomo, na Mwamvua alijua uongo uliokuwa unakuja, kwa kuwa mtu yeyote angeusema. Haukuja. "Hutarudi. Leo nimekupata, nimekuona ulivyokua. Ukiamka, ukiwa mkubwa, mtu akikuuliza baba yako alikuwa nani, mwambie alikuwa makanika, na siku ya mwisho mliosha pikipiki pamoja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mheshimu mama yako. Hata akisema hapana."

Siwema alimfuta baba yake tope shavuni, akabaki ameshika shavu lile. Mwamvua alifumba macho, akafumbua, akawa kwenye kochi la mafundi, na ukungu dirishani ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chungwa.

*

Aliketi kwenye meza yake, akaandika. Kwanza akajenga paneli tupu, akaipa upana na kimo cha mtoto, akaikaza isibanwe na jirani yeyote. Akaiweka katika ndoto ya Mhina, ubavuni pa Siwema. Kisha akaandika mstari wa kuongeza, jina la mtoto, jina la paneli ya mama.

Kwenye kioo cha Namsifu, chumba cha ushonaji kilisogea. Vyumba vile vya dirishani vilikunjika kimoja baada ya kingine, ukarudi mji, ikarudi njia, na mlango ukafunguka. Namsifu aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Ujana ulimtoka usoni wote kwa pamoja, miaka yake yote ikamrudia, na akaipokea kama mtu anayepokea mzigo wake mwenyewe kituoni. Akanyoosha mikono. Kilichosemwa hakikusikika, kwa kuwa vioo vya ndoto havina sauti, na Mwamvua hakutaka kukisikia. Kitandani, mapigo ya moyo ya Namsifu yalipanda, yakawa mabaya kidogo, yakawa ya mama.

Dakika chache baadaye jua lilizama nyuma ya kilima, na ndoto zote zikaganda.

Mwamvua alikuwa anajua kwamba kesho yake angesimama mbele ya mafundi wenzake awaambie alichofanya, na kwamba huenda asingeketi tena kwenye meza ile. Hilo lingekuja. Kwanza alikwenda ukumbi wa wanaume.

Bi. Saumu alikuwa amesimama. "Umemchukua," alisema. "Nimeona. Alikuwa hapo, halafu hayupo."

"Nimemrudisha kwa mama yake. Mhina ndiye aliyeniambia."

"Na hiki nini?"

Kwenye kioo mashamba yalikuwa yanapepea, kijito kinapita, pikipiki imesimama majini, safi, inang'aa. Kando yake palikuwa na mahali pasipo na kitu. Upepo ulipofika hapo ulizunguka. Maji yalipofika hapo yaligawanyika. Mhina alikuwa amechuchumaa mbele yake, mikono juu ya magoti, akipatazama.

"Ni pengo, Bi. Saumu. Nilimwambia anaweza kusahau apumzike. Alikataa. Ameomba aachiwe hilo."

"Akaumie? Siku zake hizi mbili tatu, akae anaumia?" Sauti ya yule mama ilipanda mpaka wauguzi wakageuka. "Mwanangu, wewe una roho gani? Ungemdanganya! Ungemwachia raha yake, mimi ningejua kunyamaza!"

Mwamvua alisimama pale pale, akiwa tayari kutukanwa, na pengine akitamani kutukanwa.

Ndipo chozi lilipotoka chini ya kope ya Mhina, likashuka kwenye sikio, likafuatwa na jingine. Uso wake haukuwa umekunjamana kama asubuhi. Ulikuwa uso wa mtu aliye macho, mtu unayemfahamu, aliyekaa mahali na jambo lake. Muuguzi alikuja haraka na sindano ya kutuliza, akaangalia kioo, akamwangalia fundi, akauliza kama amchome.

Bi. Saumu alimwangalia mdogo wake. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaufunika mkono wa Mhina kwa mikono yake miwili.

"Mwache alie," alisema. "Ana mtoto."